Gazeti la Wageni, Hasara ya Wenyeji

Serikali inapolibana gazeti la lugha ya kigeni, wananchi wengi hawashtuki. Husema hilo ni la wageni, wao ndio watakaolikosa. Yaliyotokea Argentina yanakanusha dhana hiyo. Buenos Aires Herald, gazeti la Kiingereza, lilianza mwaka 1876 likiwaandikia Waingereza wa mji ule habari za meli na biashara. Miaka 100 baadaye, Machi 1976, jeshi lilipindua serikali, na haukupita muda magazeti yakakatazwa kuandika habari za waliotekwa au maiti zilizookotwa, ila zile zilizotangazwa na serikali yenyewe. Magazeti makubwa ya Kihispania, karibu yote, yakanyamaza. Ndipo akina mama waliokuwa wakiwatafuta watoto wao wakaanza kubisha hodi Herald, ingawa wengi wao Kiingereza hawakukijua. Mhariri Robert Cox aliwataka kwanza wafungue ombi mahakamani, lile la kutaka mtu anayeshikiliwa afikishwe mbele ya hakimu. Ombi likishapokelewa, gazeti lilikuwa na karatasi ya mahakama mkononi, na jina la aliyetoweka likachapwa.

Wapo wanaosema gazeti la wasomaji wachache halina nguvu. Uchache huo ni kweli, lakini miongoni mwao walikuwamo wanadiplomasia na waandishi wa nje, na tahariri zake zilichapwa kwa Kihispania pia. Majenerali wenyewe hawakulidharau: Cox alitiwa ndani mwaka 1977, na Desemba 1979, familia yake ikiwa imetishiwa, akaihama nchi. Hoja nzito zaidi ni kwamba magazeti ya aina hii huitazama nchi kwa jicho la wenye mitaji. Ni kweli, Herald liliyapokea mapinduzi kwa matumaini, na jambo hilo lisifichwe. Lakini lilipoona watu wanatoweka liligeuza kauli hadharani, na nafasi hiyo ya kujisahihisha ndiyo inayozibwa gazeti linapobanwa.

Urusi imeizibia nafasi hiyo The Moscow Times, gazeti la Kiingereza lililoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wageni waliofurika Moscow. Sheria ya mwaka 2014 iliwawekea wageni kikomo cha asilimia 20 katika umiliki wa vyombo vya habari. Mwaka 2022 ikaja ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa habari “za uongo” kuhusu jeshi, na wahariri wakahamia Amsterdam. Mwaka 2024 gazeti likatangazwa taasisi isiyotakiwa. Mgeni alikwishapanda ndege. Anayeweza kushtakiwa leo kwa kushirikiana nalo ni Mrusi aliyebaki nyumbani.