Shika Kofia kwa Ukingo

Jumamosi iliyopita nilimwona kijana Gikomba akipigania godpapa ya felti, rangi ya kahawia. Ilikuwa kamera, bale imefunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Akalipa elfu moja mia tano bila hata kuipindua aangalie ule ukanda wa ngozi wa ndani. Akaibana kwa vidole viwili pale mbele palipobonyea, akajipiga picha, kisha akaisokomeza kwa begi pamoja na viatu.

Nina ugomvi na sisi. Juzi tu tulikuwa tunawacheka wazee wa godpapa, ati ni ushamba. Saa hii tukiona jina Borsalino ndani ya kofia tunakimbilia simu, na baada ya dakika mbili kila mtu ni mtaalamu: kampuni ilianza 1857, Alessandria, Italia. Sawa. Sasa muulize huyo mtaalamu brashi hufuata upande gani wa manyoya. Kimya.

Guka wangu alikuwa na moja tu, ya kijivu, ya kanisa na baraza la chifu. Alessandria hakuijua. Lakini alikuwa na brashi laini ambayo ole wako uiguse na kiwi. Kofia aliishika kwa ukingo. Mezani aliilaza kichwa chini, ukingo usije ukapinda. Ikinyeshewa, iliachwa ikauke yenyewe, mbali na jiko.

Alinipa nilipoacha chuo mwaka wa pili, wiki ambayo baba hakuwa ananisemesha. Hakunihubiria. Aliivua tu, akanivalisha.

Nami nikaiosha. Karai, maji moto, sabuni ya unga. Nikaisugua kama soksi, nikaianika juani. Jioni ilikuwa inamtosha mtoto wa darasa la tatu.

Kumbe felti huzaliwa hivyo hivyo: manyoya ya sungura au sufu, maji moto, mvuke, kusukwasukwa mpaka nywele zishikane. Ukiiosha namna ile unaendeleza kazi ya kiwanda, na kofia inazidi kujikaza. Guka angeniambia kwa sentensi moja. Sikumuuliza, kwa sababu nilidhani nimesoma.

Za majani nazo tunaziua kwa madaha. Hiyo mnayoiita Panama husukwa Ecuador kwa majani ya toquilla. Iache juani kwenye dashibodi ikauke kau, halafu uikunje kama mkeka kuwaonyesha mabeste kwamba ni orijino. Itakatika papo hapo kwenye mkunjo, na ufa wa majani hauna fundi.

Najua jibu lenu: pesa ni yangu, kofia ni yangu. Haya. Lakini ili godpapa ya zamani ikufikie ikiwa kamera badala ya fagia, kuna mtu mahali fulani aliyeipiga brashi miaka na miaka. Wewe umenunua uangalifu wake kwa elfu moja mia tano, ukaumaliza kwa wikendi moja.

Guka aliniuliza kofia mara moja tu. Nikamwambia iko salama. Tulimzika kichwa wazi.

Kwa hivyo yule kijana nilimfuata hadi steji, nikamwambia aitoe kwa begi, aishike kwa ukingo. Akanitazama juu mpaka chini.

"Kwani wewe yako iko wapi?"

Matatu ikaondoka naye.