Meli ikifunga gati Kilindini, mgeni asipelekwe mbali

Meli ya watalii ikifunga gati Kilindini asubuhi, mara nyingi jioni hiyo hiyo inang'oa nanga. Ukitoa muda wa kushuka, na ule wa kurudi mapema kabla ya kuondoka, mgeni anabaki na saa sita au saba hivi za kuiona Mombasa. Tuna maoni yetu kuhusu saa hizo, kwa sababu wateja wetu wengi wanazitegemea: dereva wa tuktuk, mwongoza watalii, mama wa mahamri, fundi wa kuchonga, muuza vikoi.

Maoni yenyewe ni haya: msimpeleke mgeni mbali.

Tunajua Tsavo Mashariki inauzika. Lakini Voi iko karibu kilomita 150, na barabara ni ile ile ya malori ya Nairobi. Lori moja likipinduka Mariakani, meli haimngoji mtu. Ukienda kusini kuna feri ya Likoni, na foleni yake mnaijua wenyewe. Simba ni wa mgeni anayelala siku tatu. Huyu wa siku moja akipakiwa kwenye basi asubuhi na kurudishwa jioni, mji haupati kitu. Hata chakula cha mchana atakula kwenye boksi.

Mji wa Kale uko upande wa pili wa kisiwa, mwendo mfupi tu kwa tuktuk. Anza na Fort Jesus kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaiteka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Ukitoka pale unaingia Ndia Kuu kwa miguu: milango ya nakshi, roshani za mbao, Msikiti wa Mandhry, kisha Bandari ya Kale, ambako majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Kama ni Ijumaa, maliza upande wa misikiti kabla ya saa sita. Halafu viazi karai, kahawa chungu, na Marikiti kwa iliki na karafuu. Saa sita zimejaa, na kila hatua kuna mtu wa kulipwa.

Na hapo kwenye kulipwa ndipo siku huharibika.

Mgeni huyu hana laini ya Kenya. Ana dola, ama yuro, na kadi. Bango lako la till analipita tu. Wengine husema basi, siku ya meli pesa kwa simu haina kazi. Sisi tunaona kinyume: till haimfai mgeni, inatufaa sisi kwa sisi. Mwongozaji abadilishe pesa za kundi lake mara moja, asubuhi, kwenye duka la fedha za kigeni lenye leseni, aziweke kwa wakala, kisha alipe kila mtu kwa simu papo hapo. Tuktuk ikisimama, lipa. Sahani zikiondolewa mezani, lipa. Ile ya “nitakutumia jioni” tunaipinga kabisa. Jioni simu imezimwa, na mama wa mahamri hana hata risiti ya kumdai nayo.

Wewe unayelipwa, angalia ujumbe kwenye simu yako mwenyewe: jina, kiasi, na salio. Usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mwenzako, hata kama ni jirani. Na usitoe PIN eti mtu akusaidie kwa sababu kuna haraka.

Anayepokea dola mkononi azitazame kwanza, maana noti iliyochanika ama kuchorwa mara nyingi hukataliwa ukienda kuibadilisha. Bei iandikwe kwa shilingi, ionekane. Kitu cha shilingi 500 kisigeuke dola 10 eti kwa sababu chenji hakuna. Wageni wa meli huwa pamoja siku nzima, na usiku mezani wanalinganisha bei.

Meli hizi huja zaidi msimu wa kaskazi. Ikifika Mei, Kilindini ni makontena tu. Kwa hivyo jioni ya siku ya meli, kabla ya kununua vocha na kabla ya wanaokudai hawajapiga simu, hamisha sehemu ya mapato kwenye akiba yako ya simu, hata kama ni shilingi 200, na uifunge hadi Juni.