Dawa mbili zisizopaswa kukutana

Katika safu yetu ya wiki hii tunapenda kuwatanabahisha wasomaji wetu kwamba dawa iliyo njema peke yake yaweza kugeuka madhara ikikutana na nyingine.

Tuchukue mfano wa dawa mbili. Ya kwanza ni siprofloksasini, antibayotiki itumikayo kutibu maambukizi ya njia ya mkojo na maradhi mengine ya bakteria. Ya pili ni tizanidini, dawa ya kulegeza misuli, wanayopewa waliokakamaa viungo baada ya kiharusi au kuumia uti wa mgongo.

Kwa kawaida ini huivunjavunja tizanidini na kuipunguza nguvu. Siprofloksasini hulizuia ini kufanya kazi hiyo. Uchunguzi uliofanyiwa watu 10 wenye afya nchini Finland, ukachapishwa mwaka 2004, ulionesha kuwa kiasi cha tizanidini kilichoingia katika damu kiliongezeka kwa wastani wa mara 10. Mgonjwa amemeza kidonge kimoja, lakini mwili wake unalemewa kana kwamba amemeza kumi. Shinikizo la damu hushuka, mapigo ya moyo hupungua, usingizi mzito humshika, naye aweza kuzimia. Mzee aamkaye usiku kwenda msalani katika hali hiyo aweza kuanguka na kuvunjika nyonga.

Jambo hili hutokea kwa urahisi. Daktari wa kiharusi ameandika dawa moja. Miezi kadhaa baadaye mgonjwa analalamika mkojo unamchoma, na dawa ya pili inatolewa mahali pengine. Watoaji hao hawajuani. Anayezijua dawa zote mbili ni jamaa wa nyumbani.

Kwa hiyo tunausia: kila mwendapo hospitali au duka la dawa, chukueni pakiti za dawa zote anazotumia mgonjwa, mkazioneshe kabla ya kupewa mpya. Mkigundua kuwa amepewa hizi mbili, asizimeze pamoja. Mwoneni daktari siku hiyo hiyo ambadilishie mojawapo. Wala msimwachishe tizanidini ghafla kwa uamuzi wenu, kwani kwa aliyeizoea shinikizo la damu laweza kupanda kwa kasi.

Ikiwa amekwishazimeza, naye ana kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida, mlazeni, msimwache asimame peke yake, na mfikisheni hospitali haraka pamoja na pakiti hizo.