Fukusi na dumuzi: ukikosea adui, dawa ni hasara

Kila msimu wa mavuno wakulima wengi huuza mahindi kwa bei ya kutupa, si kwa kupenda bali kwa kuogopa wadudu. Miezi michache baadaye hununua mahindi hayo hayo kwa bei ghali. Hofu hiyo ina msingi, lakini maghalani kuna maadui wawili, na kila mmoja ana silaha yake.

Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Huanza kushambulia mahindi yakiwa shambani, akataga mayai ndani ya punje. Hupenda nafaka isiyokauka vizuri, na hushambulia pia mchele, ngano na mtama.

Dumuzi, ambaye wengine humwita Scania, ni mgeni kutoka Amerika ya Kati. Alithibitishwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kichwa chake kimejificha chini ya mabega, na nyuma amekatika kama gogo. Huishi pia katika miti mikavu porini, hula makopa ya muhogo na hutoboa hata mbao za kihenge. Mahindi makavu hayamzuii. Dalili yake ni unga mwingi. Katika baadhi ya maghala ya Tabora aliteketeza takriban theluthi ya uzito wa mahindi kwa miezi michache.

Tofauti hii ina bei. Pirimifosi-methili huua fukusi lakini ni dhaifu kwa dumuzi. Permethrini ni kinyume chake. Ndiyo maana dawa ya unga inayofaa ni ile yenye viambato vyote viwili. Soma lebo kabla ya kulipa. Kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi kwenye magunzi, pukuchua kwanza, kausha, kisha changanya dawa. Mifuko isiyopitisha hewa huua wote wawili bila sumu, mradi ifungwe barabara.

Sasa piga hesabu. Ukihifadhi magunia 10 na wadudu wakala 1, bei ikipanda kwa asilimia 10 bado umepata hasara, kabla hata ya kuhesabu gharama za dawa. Ukiyaokoa yote 10, ongezeko hilo ni lako. Anayejua mdudu wake ndiye anayeweza kumwambia mlanguzi asubiri.