Kabla ya kugawa tiketi, hesabu miaka ya watoto

Kibubu kilivunjwa Jumapili jioni, sebuleni, watoto wakitazama. Zilitoka shilingi 250,000, nyingi zikiwa noti ndogo ndogo zilizokunjwa tangu mwanzoni mwa mwaka. Kazi ya fedha hizo ilijulikana: kuwapeleka watoto Dodoma kwa bibi yao. Bibi aliugua miezi miwili, akapata nafuu, na tangu hapo kila anapopigiwa simu swali lake ni moja: wajukuu wanakuja lini?

Nyumba iko Keko Machungwa. Baba ni fundi seremala, anatengeneza vitanda na makabati kama mafundi wengi wa Keko. Mama anauza vitumbua na chai asubuhi. Watoto ni watatu: wa kwanza ana miaka 14, wa pili tisa, wa mwisho mitatu.

Baba alikuwa ameshapiga hesabu kichwani. Nauli ya daraja la kawaida kwa treni ya SGR, Dar es Salaam hadi Dodoma, ni shilingi 31,000. Kwa watu watano ni 155,000 kwenda tu. Kwenda na kurudi ni 310,000. Kibubu hakitoshi.

“Mama watoto, nenda wewe na huyu mdogo,” alisema. “Wakubwa watakwenda mwakani.”

Mtoto wa miaka tisa alinyanyuka akatoka nje. Mama alikusanya zile noti taratibu, kisha akauliza, “Na mwakani mama yangu atakuwepo?” Baba hakuwa na jibu.

Ujanja kutoka Uingereza

Usiku huo mama alimpigia simu mdogo wake anayeishi Uingereza. Yeye akamtoa wasiwasi. “Dada, msikate tiketi moja ya safari nzima. Kateni mbili, ya kwanza mpaka Morogoro, ya pili kutoka Morogoro mpaka Dodoma. Huku ndivyo tunavyofanya, mtu anaokoa hela nyingi.”

Kijana hakudanganya. Nchini Uingereza abiria anaweza kugawa safari moja katika tiketi mbili au zaidi, akakaa kwenye treni ileile, na jumla ikawa ndogo kuliko tiketi moja. Kanuni za reli zinaruhusu, mradi treni hiyo isimame kwenye stesheni ambako tiketi moja inaishia na nyingine inaanzia. Sababu ni kwamba nauli za kule hazifuati urefu wa njia peke yake. Kila pande mbili zina bei yake, na saa za msongamano zina bei ya juu kuliko saa nyingine. Abiria anayeanza safari asubuhi ya msongamano anaweza kulipa bei kubwa kwa kipande cha mwanzo tu, kipande kinachobaki akakilipia bei ya kawaida.

Asubuhi mama alimweleza mumewe habari hiyo. Baba akachukua penseli ya kazini na kipande cha mbao, wakaanza kuandika.

Nauli za SGR zilitangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, Juni 2024, na msingi wake ni kilomita. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 192, nauli 13,000. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 444, nauli 31,000. Ukigawanya, kila kilomita inakaribia shilingi 70, iwe safari fupi au ndefu. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni kilomita 252, na kwa kiwango hicho hicho unakaribia shilingi 18,000. Jumlisha na 13,000 za kwanza, unarudi kwenye 31,000 zilezile.

Zaidi ya hapo, tiketi mbili zina gharama ambayo haionekani. Ukilipa kwa simu mara mbili, makato yanaweza kuwa mara mbili. Kila tiketi ina kiti chake, kwa hiyo mkifika Morogoro mnaweza kulazimika kuhama na watoto na mabegi. Na kama kipande cha pili kimejaa, familia imebaki njiani.

“Kumbe ni kama daladala iliyokata ruti,” alisema baba. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi. Gari imeandikwa mwisho wa njia, kondakta anawashusha katikati, unapanda nyingine na unalipa upya. Safari ikikatwa, anayelipa ni abiria.

Swali la karani

Mama hakukata tamaa. Alipomaliza vitumbua alipanda gari kwenda Stesheni kuulizia. Pale dirishani alisema anataka kujua nauli ya watu watano. Karani hakutaja bei. Aliuliza kwanza, “Watoto wana umri gani?”

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Kwa utaratibu uliotangazwa na LATRA, mtoto wa miaka minne hadi 12 analipa nusu ya nauli ya mtu mzima, na aliye chini ya miaka minne halipi. Baba alikuwa amewahesabu watoto wote kama watu wazima, kwa sababu kwenye safari ndefu ndivyo alivyozoea kuona kila anayekalia kiti akilipa.

Wazazi wawili na mtoto wa miaka 14 ni nauli tatu kamili, 93,000. Wa miaka tisa ni 15,500. Wa miaka mitatu anapakatwa. Jumla 108,500 kwenda, na 217,000 kwenda na kurudi. Tofauti na hesabu ya baba ni shilingi 93,000, na zinabaki 33,000 kwenye kibubu.

Nafuu ya pili iko kwenye aina ya treni. Treni ya haraka, isiyosimama stesheni nyingi njiani, ilipoanza Novemba 2024 nauli yake ya Dodoma ilikuwa 40,000. Kwa wanaolipa nauli kamili watatu, kwenda na kurudi, ni 54,000 zaidi. Anayewahi kikao huenda akaona inamfaa. Familia inayokwenda kumwona bibi haipotezi chochote ikisimama Kilosa dakika chache.

Nafuu ya tatu iko nje ya reli. Bajaji moja ya familia nzima kutoka Keko hadi Stesheni huwa nafuu kuliko bodaboda tatu. Watoto wakila wakashiba nyumbani, hawatalilia soda na biskuti kila wakiona kikapu. Na tiketi zikatwe mapema, maana siku za likizo na sikukuu viti vya bei ndogo ndivyo vinavyowahi kwisha, anayechelewa analazimika kuchukua daraja la juu au kuahirisha safari.

Miaka miwili ya uongo

Jioni mama aliyaeleza yote sebuleni. Baba alifurahi, kisha akamtazama mtoto wake wa kwanza, mwembamba na mfupi kwa umri wake. “Huyu nani atajua ana 14? Tukisema 12, tunaokoa 31,000 nyingine.”

Kijana alikuwa anasikiliza. Mama akasema kwa upole, “Mume wangu, cheti chake cha kuzaliwa kiko kabatini na yeye anajua kusoma. Tukimfundisha kudanganya kwa karani, kesho atatudanganya sisi kwa ujuzi tuliompa.”

Wapo pia wanaokata tiketi ya kituo cha karibu wakabaki ndani ya treni mpaka mbali, wakijisifu kwamba wamebana matumizi. Huko ni kusafiri bila kulipa, na akija mkaguzi aibu inamkuta mzazi mbele ya watoto wake. Nafuu ya halali ni ile unayoweza kuitaja kwa sauti dirishani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa familia inayopanga safari, daftari hilo halihitaji mambo mengi. Andika umri wa kila mtoto siku ya safari. Uliza nauli ya siku hiyo, maana bei hubadilika. Linganisha treni ya kawaida na ya haraka. Beba kitambulisho chako na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili ubishi wa umri usiwepo. Mwisho ongeza usafiri wa kwenda na kutoka stesheni, kwa pande zote mbili.

Baba alizitazama zile 33,000 akanyamaza kidogo. “Bajaji tutapata,” alisema. “Na kilo mbili za sukari za bibi.”

Mama akachukua simu, akampa mtoto wa miaka tisa aongee yeye. Bibi aliuliza swali lake lilelile, wajukuu wanakuja lini, na mtoto akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani: “Tunakuja wote!”