Umri wa kustaafu marubani: Walio nyuma nao wafikiriwe



Natoa maoni yangu juu ya umri wa kustaafu kwa marubani. Kila inapotajwa habari ya kuuongeza, wanaozungumzwa ni wazee watakaobaki na mashirika yenye upungufu wa marubani. Wanaongoja nyuma hawatajwi. Mimi ni mmoja wao, rubani msaidizi katika shirika moja la ndege.

Kwanza nieleze kazi yetu ilivyo. Katika mashirika mengi rubani hapandi cheo kwa kupendwa na mkubwa wake. Ipo orodha ya waliotangulia kazini, na nafasi yako hutokana na siku uliyoajiriwa. Orodha hiyo ndiyo huamua nani akae kiti cha kushoto, yaani awe rubani mkuu, nani arushe ndege kubwa, nani apate likizo mwezi wa Desemba, na kazi zikipungua, nani atangulie kuachishwa. Ukihamia shirika jingine, mara nyingi unaanzia mkiani.

Foleni hii husogea shirika likiongeza ndege, au walio mbele wakiondoka. Tuchukue mfano wa shirika lenye marubani 100, nusu yao wakuu, na wanne hustaafu kila mwaka. Rubani wa 60 katika orodha anahitaji watu kumi waondoke ili apate cheo, yaani miaka miwili na nusu. Umri ukisogezwa mbele miaka mitano kwa siku moja, hakuna atakayestaafu kwa miaka hiyo mitano. Sasa yeye atangoja miaka saba na nusu, bila kosa lolote.

Ndivyo ilivyonitokea. Shirika letu lilipotoka miaka 60 kwenda 65, nilikuwa wa tatu kupandishwa. Mkopo wa masomo ya urubani ulikuwa haujaisha, na watoto walikuwa wameanza shule.

Mfano mkubwa zaidi ni Marekani, ambako kikomo cha miaka 60 kilianza kutumika mwaka 1960. Novemba 2006 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliruhusu miaka 65 katika safari za kimataifa zenye marubani wawili, na tarehe 13 Desemba 2007 Rais George W. Bush akatia sahihi sheria ya kuifuata. Aliyekuwa ameondoka kabla ya hapo kwa kutimiza miaka 60 hakurudishiwa nafasi yake. Akitaka kurudi, alirudi kama mwajiriwa mpya. Aliyebakiza siku moja tu alipata miaka mitano juu ya orodha. Mwaka uliofuata uchumi ukaanguka na mashirika yakapunguza marubani. Walioingia mwisho ndio waliotangulia kutoka.

Wapo watakaoniambia: "Kawia ufike. Miaka hiyo hata wewe utaipata uzeeni." Nakubali kwamba naweza kuipata. Lakini mshahara wa rubani mkuu nikiwa na miaka 38 na ule wa miaka 63 si kitu kimoja. Wa kwanza unasomesha watoto na kujenga nyumba. Wa pili unategemea daktari, maana baada ya miaka 60 rubani wa abiria hupimwa afya kila miezi sita. Kutangulia si kufika, na kuahidiwa nako si kupata.

Sina ugomvi na wazee wetu. Aliyenifundisha kutua katika upepo wa ubavuni alikuwa na miaka 61, na ujuzi wake hauna bei. Hoja yangu ni kwamba faida ya mmoja isilipwe na mwingine ambaye hakuulizwa.

Nasema haya kwa sababu shauri hili halijafungwa. Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha miaka 67, lakini sheria iliyotiwa sahihi Mei 2024 ikabakiza 65. Mwaka 2025 chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilipeleka ombi la miaka 67 mbele ya ICAO, nalo halikukubaliwa. Naamini litarudi. Na nchi ikiamua peke yake, wakuu waliopita miaka 65 hawataruhusiwa safari za nje. Watashuka kwenye ndege za safari za ndani, na waliopo huko watasukumwa chini.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Umri ukiongezwa, uongezwe kidogo kidogo, miezi michache kila mwaka, ili foleni isisimame. Wazee wenye ujuzi wapewe kazi ya kufundisha, nje ya nafasi za marubani wakuu. Na msaidizi aliyecheleweshwa kwa sababu hiyo aongezwe mshahara kwa miaka aliyotumikia, hata kama kiti cha kushoto bado hakijapatikana.

Wahusika watakapokaa mezani, nawaomba wamwite na yule wa mwisho katika orodha. Yeye ndiye atakayekaa na uamuzi huo kwa miaka mingi zaidi kuliko wote.

Rubani Msaidizi,
Dar es Salaam.