Roboti Ije, Lakini Wavu Utangulie

Sina nia ya kuubeza upasuaji wa roboti. Tangu mashine iitwayo da Vinci ilipoidhinishwa Marekani mwaka wa 2000, madaktari wameweza kupenyeza vyuma vyembamba kupitia matundu madogo tumboni na kushona mahali ambapo vidole havifiki kwa urahisi. Faida yake huonekana hasa katika ngiri za nadra, kama ile iliyopewa jina la mwanaanatomia Adriaan van den Spiegel, ambayo hujificha baina ya tabaka za misuli ya tumbo na aghalabu haigunduliwi kwa kupapasa.

Lakini mashine hiyo hugharimu zaidi ya dola milioni 1. Itamfaa nini leo kijana anayepakia mchanga kwenye malori kando ya mito ya Makueni, au mama wa Kitui aliyebeba mtungi wa maji mgongoni kwa ukanda wa kichwani? Ukuta wa tumbo ukidhoofika, utumbo hupenya. Wengi huona haya, wakauficha uvimbe miaka na mikaka, hadi utumbo unapokabwa ukakosa damu. Hapo, saa chache tu ndizo huamua uhai na mauti.

Jirani zetu wametuonyesha njia. Januari 2016, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyiwa wanaume 302 mashariki mwa Uganda, wenye ngiri ya kinena. Baadhi walitiwa wavu wa kiwandani wa dola 125 hivi. Wengine, kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa mvuke, cha takriban dola 1. Mwaka mmoja baadaye, ngiri ilikuwa imemrudia mtu 1 pekee, wa kundi la chandarua. (Asije mtu akakata chandarua cha kitandani mwake! Kazi hiyo ni ya hospitali.)

Wavu, hata hivyo, haujishoni. Wahitaji mpasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi na chumba chenye umeme usiokatika. Makueni, iliyoanzisha MakueniCare mwaka 2016 kwa ada ya Sh500 kwa familia kila mwaka, inajua kwamba kaunti ikiamua, huweza.

Nanyi walimu wa bayolojia, mfikapo somo la misuli, litajeni jina la ngiri bila kuona haya, ili mwanafunzi akamweleze babaye. Na kaunti zinapowaita wananchi kujadili bajeti, ulizeni: Mwingi na Makindu zina wapasuaji wangapi?